Safu ya Tatu

Siku thelathini na moja tumbo liliamka kabla yangu.
Saa kumi na moja na nusu, mama anajifunga kanga
kwenda Mwaloni kupokea dagaa,
nalo linaanza: linanyonga, linasokota,
mpaka sare iliyopigwa pasi inabaki msumarini
kama mtu mwingine aliyeamua kutokwenda.

Walinipima malaria. Hakuna.
Walinipima taifodi, minyoo. Baba mdogo akapima uvivu
kwa mkanda, akasema umo, tele.
Bibi akatuma dawa kutoka Magu ndani ya chupa ya soda.
Nilikunywa yote.
Asubuhi tumbo likaamka kabla yangu.

Hakuna aliyeuliza kuhusu Alhamisi ile,
kidato cha pili B, aya ya tatu ya kitabu cha Kiingereza,
neno moja lililonikwama kooni kama mwiba wa sato,
halafu darasa.
Sitaki kusema darasa lilifanya nini.
Niseme tu nilipanda Bugarika kwa miguu isiyokuwa yangu.

Bi Nyanzobe aliuliza.
Chumba chake pale zahanati kina feni bovu
na kalenda ya mwaka juzi.
Hakunipa kidonge. Alifungua daftari la kurasa arobaini,
akapiga mistari kwa ukingo wa kadi ya kliniki:
hapa kilichotokea,
hapa ulichowaza,
hapa ushahidi.
"Wazo si hakimu, Lugembe. Ni shahidi mmoja tu,
na shahidi mwenye hofu huongeza chumvi."

Safu ya pili niliijaza mpaka kalamu ikatoboa karatasi:
*Watacheka. Wote arobaini na watatu. Kila siku. Mpaka nife.*
Safu ya tatu ilikaa nyeupe wiki nzima.

Tukaanza kuushuka mlima kidogo kidogo.
Jumatatu: vaa sare, kaa kwenye jiwe nyuma ya choo.
Pimbi walinitazama. Mjusi kafiri akatikisa kichwa,
ndiyo, ndiyo, kama mkaguzi wa elimu.
Jumanne: ngazi zote za mawe hadi kwa muuza mkaa. Rudi.
Jumatano hadi geti la shule,
na tumbo likapanda likakaa kifuani.
*Usikimbie*, alikuwa amenionya,
*woga una kilele kama huo mlima wenu;
kaa nao, utashuka wenyewe, hauna pa kulala huko juu.*
Nikakaa. Mlinzi, mzee Shija, alinikatia pingili ya muwa,
hakuniuliza kitu.
Dakika kumi na nane. Ukashuka.

Alhamisi sikwenda popote.
Nililala nimeuelekea ukuta.
Hilo nalo niliandika.

Siku ya darasani alitaka nitabiri kwa namba.
Nikaandika: 43.
Mwalimu Kabula alinipa sentensi moja, walikuwa wamepatana.
Neno likakwama, likatoka vipande vipande.
Nikainua macho nihesabu, maana ndiyo kazi niliyotumwa.
Wawili.
Na mmoja wao alikuwa akicheka ya dirishani,
ambako kongoti alikuwa ameiba kandambili ya mpishi.
Holo alikuwa usingizini. Wengine walinakili hesabu za jirani.
Hawakuwa na habari na mimi kabisa,
na sijui kwa nini hilo nalo liliniuma kidogo.

Usiku mama alilishika daftari kwa vidole vyenye magamba.
Akaomba nimsomee, nikasoma, hata ile ya mpaka nife.
Alinyamaza mpaka uji ukagandamana.
"Nipigie na mimi mistari," akasema.
"Kwenye ya pili andika: mwanangu amenipotea."
Nikaandika, kwa mwandiko mzuri.
Kisha tukasogeza kibatari,
tukaikodolea macho ile safu ya tatu, yeye na mimi,
hakuna aliyetaka kuanza.

Kesho Jumatano.
Tumbo sijui. Sare iko msumarini.